Shabaka Hutchings: Mtunzi Anayepanga Watu Kabla ya Noti

Desemba 2023, ndani ya kanisa moja la Hackney, mashariki mwa London, Shabaka Hutchings alipiga *A Love Supreme*, albamu ya mpiga saksofoni John Coltrane, kisha akaiweka saksofoni kando. Hakuwa mgonjwa wala mzee, na kazi hazikuwa zimemwishia. Alikuwa hajafikisha miaka arobaini, alikuwa miongoni mwa wapulizaji wa Uingereza waliotajwa zaidi katika rika lake, na bendi zake tatu zilikuwa zimetoa albamu kupitia Impulse!, lebo ya Marekani iliyokuwa nyumbani kwa Coltrane mwenyewe katika miaka ya 1960. Alikuwa ametangaza mapema kwamba mwaka huo ukiisha hatapiga saksofoni hadharani kwa muda ambao hakuuwekea kikomo, na kwamba nguvu zake zitakwenda kwenye filimbi. Wapenzi wengi wa jazi walilipokea tangazo hilo kama msiba. Waliona mtu aliyefika kileleni mwa ala yake anaitupa ili akaanze upya na vipande vya mianzi.

Maombolezo hayo yalisimama juu ya dhana kwamba Hutchings ni mpiga saksofoni kwanza na mtunzi baadaye, kama walivyo wapulizaji wengi. Kazi yake ya zaidi ya miaka kumi inaonyesha kinyume. Anachokitunga kwanza ni kikundi: nani awepo, nani asiwepo, nani avume na nani anyamaze, pumzi ya mpulizaji iegemee wapi. Noti huja baadaye, na mara nyingi ni chache. Saksofoni ilikuwa na kazi yake maalumu katika kila kikundi alichokibuni, na kikundi kilipobadilika kazi hiyo nayo ilibadilika. Akisikilizwa hivyo, kuiweka saksofoni kando ni uamuzi wa kiutunzi, sawa na ule aliowahi kuufanya alipoamua kwamba bendi yake haitakuwa na piano wala gitaa. Unapaswa kupimwa kwa muziki uliotokana nao, na huzuni ya waliozoea sauti ya zamani haitoshi kuwa kipimo.

Malezi yake yanasaidia kueleza tabia hii. Alizaliwa London mwaka 1984, na alipokuwa na umri wa miaka sita akahamia Barbados, kisiwa cha Karibi ambako familia yake ina asili. Huko, akiwa na miaka tisa, alianza klarineti shuleni. Kisiwani muziki haukai ndani ya ukumbi tu. Kuna kalipso, kuna rege, kuna msimu wa Crop Over ambao hujaza barabara watu wanaocheza, na kijana mwenye ala ya kupuliza hujikuta anahitajika sehemu nyingi kabla hajajua kusoma noti vizuri. Hutchings amesimulia katika mahojiano kwamba alikuwa akifanya mazoezi kwa kufuata mistari ya marapa kama Nas, Tupac na Notorious B.I.G., akiiga kwa klarineti jinsi maneno yao yalivyokuwa yakipanda na kushuka juu ya mdundo. Jambo hilo si dogo. Rapa hana noti nyingi za kuchezea, na silaha yake ni mahali anapoiangusha silabi: kabla kidogo ya mdundo, juu yake, au nyuma yake. Mtoto aliyejifunza kupuliza kwa njia hiyo alijifunza tangu mwanzo kwamba ala ya kupuliza inaweza kufanya kazi ya ngoma na ya ulimi kwa wakati mmoja.

Alirudi Uingereza akiwa na miaka kumi na sita, akakaa Birmingham, ambako alikutana na mpiga saksofoni Soweto Kinch, kisha akaingia chuo cha muziki cha Guildhall jijini London kusomea klarineti ya muziki wa klasiki wa Ulaya. Pembeni ya masomo hayo alipita katika mikono ya Tomorrow's Warriors, mpango ulioanzishwa mwaka 1991 na mpiga besi Gary Crosby pamoja na Janine Irons ili vijana wa London, hasa weusi na wasichana, wapate mahali pa kujifunza jazi bila kulipishwa. Nubya Garcia, Moses Boyd na Theon Cross walipitia humo pia. Kwa hiyo alipofika umri wa kuanzisha bendi yake mwenyewe, Hutchings alikuwa na nidhamu ya chuo, barabara za Barbados, na kundi la wenzake waliokulia katika nyumba zilizosikiliza rege na afrobeat kabla ya mpiga saksofoni Charlie Parker.

Bendi hiyo ilikuwa Sons of Kemet, iliyoanza mwaka 2011, na muundo wake ndio ushahidi wa kwanza wa hoja hii. Katika kundi la jazi lililozoeleka, piano au gitaa hupiga noti kadhaa kwa pamoja na kumpa mpulizaji sakafu ya kutembelea. Msikilizaji anajua tuko wapi na tunaelekea wapi, na mpulizaji huonyesha ustadi wake kwa kupita katika vyumba hivyo vya sauti bila kujikwaa. Hutchings aliiondoa sakafu hiyo. Akabaki na watu wanne: saksofoni moja, tuba moja na wapiga dramu wawili, kila mmoja na seti yake kamili. Tuba, hilo dubwana la shaba ambalo wengi hulijua kwa kuunguruma taratibu nyuma ya gwaride, ilipewa kazi ya gitaa la besi katika rege, ikipigwa kwanza na Oren Marshall na baadaye na Theon Cross. Wapiga dramu wa mwanzo, Tom Skinner na Seb Rochford, hawakuwa wakirudia kitu kimoja kwa sauti maradufu. Mmoja alishika mwendo, mwingine akaupinga, na kati yao pakafunguka nafasi ambamo saksofoni iliingia kama ngoma ya tatu.

Ala mbili za kupuliza na ngoma nyingi si mchanganyiko ulioanguka kutoka mbinguni. Barbados ina muziki wa asili uitwao tuk, ambao hupigwa kwa ngoma kubwa, ngoma ndogo ya vijiti na filimbi ya bati, na ambao kwa sura unafanana na bendi za vikosi vya Kiingereza. Sura hiyo ina historia chungu. Sheria ya watumwa ya Barbados ya mwaka 1688 ilikataza ngoma na pembe miongoni mwa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya miwa, kwa hofu kwamba sauti hizo zingeitisha maasi. Watu walionyang'anywa ngoma zao walichukua ala za jeshi la waliowatawala na kuzifundisha mwendo wao wenyewe. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Tanga hatahitaji maelezo marefu hapa, kwani beni ya pwani yetu ilifanya jambo la namna hiyohiyo kwa tarumbeta, sare na vyeo vya wakoloni. Saksofoni yenyewe ina asili ya jeshi: Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeipatia hataza jijini Paris mwaka 1846, aliona soko lake la kwanza katika bendi za jeshi la Ufaransa. Sons of Kemet wakisikilizwa kwa kumbukumbu hiyo, muundo wao huacha kuonekana wa ajabu. Ni gwaride lililobadilishwa nia.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watu wanaoijua jazi vizuri, na si la kupuuzwa. Wanasema muziki huu ni mwepesi kwa upande wa noti. Kipande kifupi hurudiwa mara nyingi, hakuna safari ndefu ya kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, na mtu aliyezoea kumsikiliza Parker au Sonny Rollins akiujenga wimbo mzima upya kwa dakika tano anaweza kuona kwamba hapa ustadi umepunguzwa ili umati ucheze. Ni kweli kwamba upande huo umepunguzwa, na umepunguzwa kwa makusudi. Sikiliza "My Queen Is Harriet Tubman" katika albamu ya 2018, *Your Queen Is a Reptile*. Dramu zinaanza kwa kasi ya mtu anayekimbia, tuba inaruka chini yake, na saksofoni inaingia kwa vipande vifupi vyenye makali, kila kimoja kikikatwa kwa ulimi kana kwamba ni konsonanti. Ukijaribu kuimba kile anachopiga utaona ni rahisi. Ukijaribu kukiangusha mahali anapokiangusha yeye, utashindwa. Kipande kilekile kinarudi kikiwa kimesogezwa kidogo, kimefupishwa, kimebanwa, kimekwaruzwa kwa pumzi, na kila kinaporudi mpiga tuba na wapiga dramu wanakuwa wamehama walipokuwa. Ugumu umetoka kwenye ngazi ya noti ukaenda kwenye wakati na rangi ya sauti. Anayehesabu noti peke yake ataukosa, na hilo halimaanishi kwamba haupo.

Kuhusu kucheza, sioni kwa nini iwe kasoro. Watu wa Afrika Mashariki waliokesha na Morogoro Jazz, Kilwa Jazz au Western Jazz wanajua kwamba bendi inaweza kubeba jina hilo, ikawa na mdomo wa bata, yaani saksofoni, ukilia mbele, na ukumbi mzima ukawa umesimama. Jazi ya New Orleans ilianza kwa watu waliosimama. Kukaa kimya kwenye viti ni desturi iliyokuja baadaye, tena ina uzuri wake, lakini haiwezi kufanywa sheria ya kumhukumu mtunzi.

*Your Queen Is a Reptile* inaleta swali zito zaidi, lile la siasa. Albamu ina nyimbo tisa, na kila moja inaitwa kwa jina la malkia ambaye Hutchings anamchagua badala ya yule wa Buckingham: Harriet Tubman, aliyetoroka utumwa Marekani mwaka 1849 na kurudi Maryland mara kwa mara kuwatorosha watu wapatao sabini, Nanny wa Maroons, watumwa waliotoroka, wa Jamaika, Yaa Asantewaa, aliyewaongoza Waashanti dhidi ya Waingereza mwaka 1900, Albertina Sisulu, muuguzi na mpiganaji dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, mwanaharakati Angela Davis, msomi Anna Julia Cooper, mwanasaikolojia Mamie Phipps Clark, na Doreen Lawrence, ambaye mwanawe Stephen aliuawa na wabaguzi kusini mwa London mwaka 1993, na ambaye hakukubali polisi waifukie kesi. Miongoni mwao yumo Ada Eastman, ambaye dunia haikumjua. Hutchings ni kitukuu wake. Kumweka mwanamke wa familia ya Barbados katika safu moja na Tubman na Yaa Asantewaa ni dai zito, kwamba umalkia unatokana na alichofanya mtu kwa watu wake na wala hautokani na damu. Albamu hiyo iliingia katika orodha ya waliowania tuzo ya muziki ya Mercury ya mwaka huo. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2021, Barbados yenyewe ilimwondoa Malkia Elizabeth katika nafasi ya mkuu wa nchi na kuwa jamhuri. Muziki haukuleta hilo, lakini tukio hilo linaonyesha kwamba swali aliloliuliza Hutchings halikuwa la kuchokoza tu. Lilikuwa swali la watu wake.

Hapa mpinzani atauliza, na ana haki: wimbo usio na maneno unamwambiaje mtu chochote kuhusu Albertina Sisulu? Ukibandika jina jingine juu ya wimbo uleule, nani atajua? Ni lazima kukubali kwamba noti peke yake hazisimulii maisha ya mtu, na wanaodai kuisikia historia nzima ya Tubman ndani ya saksofoni wanatia chumvi. Lakini jina si kibandiko tu. Msikilizaji anayeambiwa jina husikiliza akiwa na swali kichwani, na swali hilo hufanya kazi wakati muziki unaendelea. Zaidi ya hapo, siasa ya bendi hii inasikika katika mpangilio wake hata majina yakiondolewa. Hakuna anayebaki nyuma kumsindikiza nyota. Tuba, ambayo kwa kawaida ndiyo mtumishi wa bendi, mara nyingi ndiyo inayoongoza, na saksofoni inakubali kuwa ngoma. Mtu anaweza kukataa kila kitu ambacho Hutchings anaamini na bado akasikia watu wanne wanaogawana madaraka. Albamu ya 2021, *Black to the Future*, iliyotoka baada ya mauaji ya George Floyd mikononi mwa polisi wa Marekani, iliongeza maneno waziwazi: mshairi Joshua Idehen anaifungua na kuifunga kwa ghadhabu isiyofichwa. Kwa maoni yangu sehemu za katikati, ambako ngoma na pumzi zinaachiwa kazi, hukaa na msikilizaji kwa muda mrefu zaidi kuliko hotuba hizo mbili, ijapokuwa hotuba zilistahili kutolewa.

Kikundi cha pili, Shabaka and the Ancestors, kilizaliwa kutokana na safari zake za Afrika Kusini na urafiki wake na mpiga tarumbeta Mandla Mlangeni, na humo saksofoni ilipewa kazi tofauti kabisa. Uhusiano wa London na Afrika Kusini katika jazi ni wa zamani. Mwaka 1964 kundi la Blue Notes, likiwa na Chris McGregor, Dudu Pukwana, Mongezi Feza, Johnny Dyani na Louis Moholo, liliondoka nchini humo kwa sababu sheria za ubaguzi hazikuruhusu weusi na mweupe kupanda jukwaa moja, na hatimaye likaibadilisha jazi ya Uingereza. Hutchings aliwahi kupiga pamoja na Moholo, kwa hiyo kwenda Johannesburg kulikuwa kurudi kwenye chemchemi walikotoka wazee hao. *Wisdom of Elders* ya 2016 na *We Are Sent Here by History* ya 2020 zina vijana wa huko: Mthunzi Mvubu kwenye saksofoni ya alto, Ariel Zamonsky kwenye besi, Tumi Mogorosi kwenye dramu, Gontse Makhene kwenye ngoma za mkono na, muhimu kuliko wote kwa hoja yetu, mwimbaji Siyabonga Mthembu. Uwepo wa sauti ya mtu ulibadilisha kila kitu. Mthembu huimba kama anayeita, akitumia lugha za nyumbani kwake pamoja na Kiingereza, na saksofoni ya Hutchings hujibu. Vipande vinakuwa virefu, pumzi inaachwa isikike, na ile konsonanti kali ya Sons of Kemet inalegea na kuwa irabu. Mtu ni yuleyule, tena albamu hizo zilitoka katika miaka ileile ambamo Sons of Kemet walikuwa wakipiga. Kilichobadilika ni jirani yake jukwaani.

The Comet Is Coming, bendi yake ya tatu, aliyoianzisha na Dan Leavers wa kinanda cha umeme na mpiga dramu Max Hallett, tunaweza kuipitia kwa haraka. Humo saksofoni ilipambana na mashine, ikafupisha maneno yake na kuongeza sauti hadi ikasikika juu ya mawimbi ya umeme. Ina wapenzi wengi na jukwaani ilikuwa na moto wake. Kwa mtu anayetaka kumwelewa mtunzi, bendi hii inathibitisha tu kile ambacho zile mbili zimeshakionyesha.

Sasa turudi Hackney. Ikiwa kila kikundi ni swali kuhusu pumzi iegemee wapi, basi ifikapo 2023 Hutchings alikuwa amelijibu kwa namna moja mara nyingi: pumzi iegemee kelele. Bendi zake mbili kubwa zilimtaka asikike juu ya dramu mbili au juu ya spika za umeme, usiku baada ya usiku, katika matamasha ya maelfu ya watu. Saksofoni huruhusu hilo kwa sababu ina mwanzi unaotetemeka mdomoni. Ukiukaza mdomo na kuongeza msukumo, unapata nguvu zaidi. Shakuhachi, filimbi ya Kijapani aliyoizamia wakati dunia ilipofungwa kwa sababu ya Uviko mwaka 2020, haikubali mbinu hiyo. Ni kipande cha mwanzi chenye matundu matano, manne mbele na moja nyuma, kisicho na kitu chochote cha kusaidia mdomo. Mpulizaji anaelekeza uzi wa hewa kwenye ukingo uliochongwa, na akikaza, sauti inakufa. Watawa wa Kizen waliitumia kama njia ya kutafakari, kwa hiyo tangu zamani imekuwa ala ya pumzi kabla ya kuwa ala ya tuni. Hutchings ameeleza mara kadhaa kwamba filimbi hizi zilimlazimisha kujifunza upya kulegeza mwili, jambo ambalo maisha ya saksofoni yalikuwa yakimwondolea.

Albamu iliyotokana na uamuzi huo, *Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace*, ilitoka Aprili 2024. Ilirekodiwa katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, chumba kilekile ambamo Coltrane alirekodi *A Love Supreme* Desemba 1964, na namna ilivyorekodiwa ni muhimu kuliko anwani. Wanamuziki walikaa chumba kimoja bila vipokea sauti vya masikioni na bila vizuizi kati yao. Asiyejua kazi ya studio anaweza kuona hilo ni jambo la kawaida, kumbe siku hizi ni nadra. Kwa desturi kila mpigaji hutengwa ili fundi aweze kupandisha na kushusha sauti ya kila mmoja baadaye, na mpigaji humsikia mwenzake kupitia waya. Ukiondoa waya, mpiga kinubi Brandee Younger akipiga kwa nguvu, filimbi inapotea, na hakuna fundi wa kuiokoa. Watu wanalazimika kusikilizana na kujizuia hapohapo. Jason Moran kwenye piano, Nasheet Waits kwenye dramu, Carlos Niño na ala zake za kugonga, Esperanza Spalding kwenye besi, wote ni watu wenye uwezo wa kuijaza nyumba kwa sauti, na wote humu wanapiga kama watu waliokaa karibu na mtoto aliyelala. Hutchings hakuwaandikia unyenyekevu huo kwenye karatasi. Alichagua ala dhaifu na chumba kisicho na waya, na unyenyekevu ukawa hauna budi kutokea. Kanuni ni ileile ya 2011, ila sasa amekitoa kitu kingine: zamani aliondoa piano ili ngoma zipate nafasi, na safari hii ameondoa nguvu ili nafasi ipatikane kwa kila mtu.

Wanaosema amefuata mkumbo wa filimbi wanamfikiria zaidi André 3000, rapa wa OutKast, ambaye Novemba 2023 aliishangaza dunia kwa albamu nzima ya filimbi, na ambaye kweli anasikika katika albamu hii. Tarehe zinawakatalia. Hutchings alikuwa ameshatoa *Afrikan Culture*, rekodi fupi iliyojaa shakuhachi na filimbi nyingine, mwaka 2022. Wengine wanalia kuhusu ustadi uliopotea, na kwao jibu ni gumu kidogo. Ni kweli kwamba kwenye filimbi Hutchings hana yale mamlaka aliyokuwa nayo kwenye saksofoni, na katika baadhi ya nyimbo zilizojaa wageni waimbaji yeye mwenyewe anakaribia kutoweka. Hasara hiyo ipo, na mpenzi wake mkweli ataikiri. Lakini alipoingia kwenye filimbi hakuingia mikono mitupu. Sikiliza wimbo wa kwanza, "End of Innocence", ambamo anapiga klarineti, ala yake ya utotoni: bado anaangusha noti nyuma ya mdundo kama rapa, bado anarudia kipande kifupi akikisogeza kidogokidogo. Klarineti hiyo hakuwahi kuiacha. Hata katika miaka ya kelele alipata kupiga kazi ya mtunzi Aaron Copland na orkestra ya Britten Sinfonia. Mtu anayeuliza ustadi ulikwenda wapi anapaswa kwanza kuuliza ulikuwa ukikaa wapi.

Pingamizi la mwisho ni lile linalonigusa zaidi kwa sababu linatoka kwa watu waliompenda kwa sababu njema. Wanasema: mtu aliyewatangaza malkia tisa na kupiga dhidi ya ubaguzi amestaafu vita na kwenda kutafakari, utulivu ni anasa, na wenye shida hawana nafasi yake. Hoja hiyo inaichukulia hasira kuwa sauti pekee ya heshima ambayo mwanamuziki mweusi anaruhusiwa kuwa nayo, na hilo lenyewe ni gereza. Isitoshe, haijasikiliza albamu hadi mwisho. Wimbo wa kumi na moja, "Song of the Motherland", unamleta baba yake, mshairi Anum Iyapo, ambaye katika miaka ya 1980 alitoa rekodi yenye jina hilohilo. Mzee anasoma, filimbi za mwanawe zinamzunguka. Mwaka 2018 Hutchings alimtaja Ada Eastman kwa jina juu ya ngoma zinazokimbia. Mwaka 2024 amempisha baba azungumze mwenyewe. Nia ni ileile ya kuwapa watu wake kiti cha mbele. Tofauti ni kwamba safari hii hakulazimika kumpigia mtu kelele ili asikike.

Hata akiirudia saksofoni, na hakuwahi kuapa kwamba hatairudia, hoja hii haibatiliki, kwa maana saksofoni inayorudi hukuta kikundi kipya na hupewa kazi mpya. Msomaji anayetaka kuipima mwenyewe aanze na "My Queen Is Harriet Tubman" katika spika zenye besi ya kutosha, asikilize tuba tu mara ya kwanza na saksofoni mara ya pili. Kisha aende kwenye "They Who Must Die" ya Ancestors na afuatilie sauti ya Mthembu, akiangalia ni wakati gani mpulizaji anaamua kunyamaza. Aweke mwishoni "End of Innocence", na asipandishe sauti.